Juu ya Kujenga Kiwanda Kidogo cha Mhunzi Katika Nchi Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapwa katika taarifa hii kwa idhini ya Kamati.)



Kamati imetukabidhi kazi ya kusema mbele yenu juu ya shauri moja litakalopigiwa kura kabla mkutano huu haujafungwa. Shauri lenyewe ni hili: je, Chama kitoe sehemu ya kiwanja chake, pamoja na fedha kidogo, ili kijengwe kiwanda cha mhunzi ambamo majembe, mapanga, mashoka na plau zitatengenezwa, na vijana wetu watafundishwa kufua chuma? Wako wazee waliolipinga shauri hili, na sababu zao si za kudharauliwa. Wako na wengine waliolishangilia kabla ya kulisikia lote, na haraka yao nayo haifai. Kwa hiyo tumeonelea ni vyema kueleza jambo lote kwa utaratibu: haja yake, asili yake, namna ya kulifanya, hatari zake, na hesabu zake. Baada ya hapo uamuzi ni wenu.

Tuanze na haja. Kila aliyeketi hapa anajua kwamba nchi yetu haina mvua ya kupoteza. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hutuahidi kisha ikatuacha. Mbegu iliyo ardhini mvua inapoanza hupata maji yote yaliyoandikiwa shamba lile. Mbegu iliyochelewa siku kumi huenda ikakuta mvua imekwisha mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Basi fikirini mama ambaye jembe lake limekunjika shingoni Jumanne, wiki ile ile ya mvua ya kwanza. Duka lenye jembe jingine liko mbali, nauli ni ya kutafuta, na jembe atakalolinunua huenda likawa dhaifu kama lile lililomtupa. Hasara yake si bei ya jembe tu. Hasara yake ni chakula cha watoto hata mwezi wa Februari. Hali kadhalika mwenye maksai ambaye jembe la plau yake limelika hata likawa butu: ng'ombe wanachoka, mtaro hauingii chini, na maji ya mvua yanapita juu ya shamba badala ya kuingia.

Mhunzi aliye karibu huliweka jembe lile motoni asubuhi, na kabla ya jua kuwa utosini mwenyewe amerudi shambani. Hiyo ndiyo haja, wala hatuna haja kubwa kuliko hiyo.

Sasa asili yake. Wako vijana wanaodhani kwamba kufua chuma ni elimu iliyoletwa na gari la moshi. Sivyo. Kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na kupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, Wakamba walikuwa wakiokota mchanga mweusi wenye chuma katika mito baada ya mvua, wakauosha, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, kisha wakafua mishale, mikuki, visu na mashoka. Mikufu yao myembamba ya waya ilisifiwa mbali na nchi yetu. Bwana C. W. Hobley aliandika juu ya Wakamba katika kitabu chake cha mwaka 1910, na mtaalamu wa Sweden, Gerhard Lindblom, akaandika tena kwa urefu zaidi katika kitabu kilichochapwa Uppsala mwaka 1920. Tunawataja wageni hawa kwa sababu waliandika. Lakini waliyoyaandika waliyapata kwa babu zetu.

Waya na majembe ya madukani yalipokuwa mengi, kazi ya kuyeyusha mchanga ilikufa, kwa kuwa haikuwa na faida tena. Lakini kazi ya kufua haikufa. Wahunzi waliacha mchanga wakashika chuma chakavu. Uchongaji wa vinyago ulipoenea kutoka Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa juhudi ya Mutisya Munge na wale waliojifunza kwake, nani aliyewapa wachongaji tezo zao? Ni wahunzi. Hata leo mchongaji hawezi kitu bila tezo iliyofuliwa vizuri, na tezo nzuri hupatikana kwa mhunzi anayeijua kazi, si katika kila duka.

Tuongeze mfano mmoja wa jirani zetu, kwa faida ya wazee. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza habari za Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria katika Tanzania. Walionyesha kwamba watu wa huko walikuwa wakitengeneza chuma cha pua katika tanuri za udongo tangu zamani sana, yapata miaka elfu moja na mia tano au zaidi iliyopita. Walijuaje? Walichimba ardhi, ni kweli. Lakini pia waliwaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wamewahi kuifanya kazi hiyo katika ujana wao, waijenge tena tanuri mbele ya macho yao. Wazee wakaijenga kwa kumbukumbu, na chuma kikatoka. Kama wazee wale wangalikufa miaka ishirini mapema bila kuulizwa, elimu ile ingalizikwa pamoja nao. Na sisi tunao wazee Kitui na Makueni waliovuta mivukuto walipokuwa wavulana. Hawatungojei milele.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tutaeleza jinsi kiwanda kidogo kinavyojengwa kwa vitu vinavyopatikana, maana watu wengi wanadhani kwamba lazima kuagiza mashine. Mwaka uliopita wanachama wachache walikijenga cha namna hii nyuma ya boma la mmoja wao, na yafuatayo tumeyashuhudia.

Kwanza, mahali. Moto wa mhunzi usiwashwe ndani ya nyumba. Makaa yanapoungua hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na wengi wamelala nayo wasiamke. Yatakiwa banda lenye paa la mabati lililoinuliwa juu, lisilo na kuta, mbali na nyasi, ghala na zizi. Kivuli chake ni cha lazima, si kwa ajili ya starehe, bali kwa sababu mhunzi huusoma moto kwa rangi, na katika jua kali rangi hizo hazionekani.

Pili, jiko. Rimu ya zamani ya lori au dramu ya breki yafaa sana. Isipopatikana, jengeni meza ya matofali ya udongo, urefu wake ufike kiunoni. Ndani yake pakeni udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu, na katikati mwache shimo kama bakuli, kina chake kiganja kimoja. Msiwashe moto siku ile ile. Udongo mbichi ukipata moto mkali hupasuka na kuruka. Uacheni ukauke kivulini wiki moja au zaidi, kisha mwashe moto mdogo wa vijiti, kesho yake mkubwa kidogo, na siku ya tatu mtie makaa. Wala msijenge jiko kwa mawe ya mtoni wala kwa saruji tupu, maana vyote viwili huweza kulipuka kwa moto.

Tatu, pumzi. Moto wa kawaida haukilainishi chuma cha kutosha. Pumzi ndiyo ifanyayo makaa ya kawaida yapande hata kupita digrii 1,000, ambapo chuma hutii nyundo. Bomba la chuma, upana wake yapata inchi moja na nusu, lipite ubavuni mwa jiko na kutokea juu kidogo ya sakafu ya lile bakuli, na ncha yake ifunikwe udongo isiyeyuke. Bomba hilo lisiwe lile jeupe lililopakwa zinki, kwa sababu tutakayoieleza baadaye. Nyuma ya bomba, mwaweza kutumia viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kikijaa wakati kingine kinasukumwa, kama walivyofanya wazee. Mwaweza pia kutumia feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, au feni ndogo ya motokaa inayotumia betri na umeme wa jua. Tumeona zote tatu zikifanya kazi. Feni ya betri haichoki, lakini inavuma mno, na pumzi ikizidi hula makaa bure na kukiunguza chuma. Kwa hiyo iwekewe kifuniko cha kupunguzia hewa. Viriba vina sifa moja ambayo feni haina: mvulana anayevuta viriba anajifunza. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aanzaye kwa kuvukuta huuona moto kila siku, na siku moja hupewa nyundo.

Nne, fuawe. Kipande kizito cha ekseli ya lori, kikisimamishwa na kuzamishwa katika gogo gumu, ni fuawe njema kwa kazi zetu. Uso wake uwe mpana kama kiganja, uwe laini, na kimo chake kifike penye ngumi ya mhunzi anaposimama na kuuacha mkono uning'inie. Ikiwa juu zaidi, mabega yataumia. Ikiwa chini zaidi, mgongo. Wengine watasema kipande cha reli ni bora. Twasema mbele ya wote: kipande cha reli kisionekane katika kiwanja cha Chama. Sababu yake tutaitoa.

Tano, vyombo. Nyundo moja ya yapata kilo moja, nyingine nzito ya mpiga mwenzi, tindo, tupa, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na koleo. Koleo si la kununua. Liwe ndiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi, alifue mwenyewe kwa nondo mbili na msumari mmoja. Koleo likishika sawasawa, mwanafunzi amekwisha kujifunza kunyoosha, kubapa, kutoboa na kuunganisha. Lisiposhika, alirudie.

Sita, chuma. Chuma si kitu kimoja. Nondo na mabati mazito yana kaboni kidogo: hukunjika kwa urahisi, hufaa kwa koleo, ndoana na bawaba, lakini hayashiki makali. Springi ya lori ni chuma cha pua chenye kaboni yapata sehemu 6 katika 1,000. Ndiyo ifaayo kwa panga, shoka, tezo na jembe. Springi za kujiviringa hufaa kwa patasi na tindo. Lori zipitazo barabara ya Mombasa, penye Emali, Makindu na Kibwezi, huvunja springi kila siku, na magereji hujaa vipande vyake. Mwenye kutaka kukijua chuma asichokijua, akiguse kwa jiwe la kunolea la mashine: chuma laini hutoa cheche ndefu zisizo na matawi mengi, na chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota.

Saba, kufua. Chuma kikiwa chekundu cha giza, kisipigwe, maana kitapata nyufa ambazo hazionekani mpaka siku kitakapovunjika mkononi mwa mtu. Kipigwe kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva. Kikianza kung'aa weupe na kurusha cheche kama fataki, kimeungua, wala hakuna dawa. Sehemu hiyo ikatwe itupwe. Mapigo machache yenye shabaha ni bora kuliko mengi ya hasira.

Nane, kukipa chuma ugumu. Hapa ndipo mafundi wengi wa njiani wanapokosea, na ndiyo maana panga zao ama zinajikunja ama zinakatika kama kioo. Chuma cha springi kikifika yapata digrii 770, sumaku hukiacha. Basi pateni sumaku ya spika ya redio mbovu, muifunge kwenye waya, mkiguse chuma. Kisiposhikwa, kiacheni motoni kidogo zaidi mpaka rangi ipande hatua moja, kisha mkizamishe wima katika mafuta yaliyopashwa moto kidogo, si katika maji baridi, kwa maana maji hukipasua. Oili ya injini hutumiwa na wengi, lakini moshi wake ni mbaya; mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika ni afadhali. Na kifuniko cha bati kiwepo karibu, ili mafuta yakiwaka yafunikwe. Moto wa mafuta usimwagiwe maji.

Chuma kilichotoka hapo ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Hapana budi kipoozwe kwa moto wa pili. Kisugueni mpaka king'ae, kisha mkipashe polepole mbali na makali. Mtaona rangi zikitembea juu yake: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Kwa tezo na patasi, simamisheni kazi penye rangi ya majani makavu au kahawia. Kwa panga na shoka, acheni ifike zambarau au buluu, maana vyombo hivi hupokea mapigo. Jembe nalo halihitaji ugumu wa namna hiyo hata kidogo: lifuliwe, lipoe lenyewe katika majivu, na linolewe. Ardhi yetu ina mawe, na jembe gumu kupita kiasi huvunjika, bali jembe lenye uvumilivu huchakaa polepole.

Twaomba pia jambo moja kwa ajili ya mama zetu. Wao ndio walimao zaidi, lakini majembe hutengenezwa na wanaume na kuuzwa na wanaume. Kiwanda cha Chama kisitoe jembe hata moja kabla mama wachache hawajaulizwa juu ya uzito wake, upana wake, na pembe ya shingo yake. Jembe lililo zito mno huumaliza mgongo kabla ya saa nne.

Sasa hatari. Tumetaja hewa ya makaa. Ya pili ni zinki: chuma kilichopakwa zinki kikiwekwa motoni hutoa moshi mweupe unaoleta homa kali usiku, na ukizidi waweza kumdhuru mtu vibaya. Ndiyo sababu tulilikataa lile bomba jeupe. Ya tatu ni vyombo vilivyofungwa: zile chupa za kuzuia mtikiso wa gari, na mabomba yaliyozibwa pande zote mbili. Hivyo vikipata moto ni sawa na bomu. Visiingie jikoni kamwe. Ya nne ni macho. Cheche moja yatosha kumpofusha mtu, kwa hiyo mwanafunzi asiye na miwani ya fundi asisogelee fuawe. Ya tano ni nguo: shati la nailoni huyeyukia mwilini; zivaliwe nguo za pamba, na viatu vilivyofunika vidole. Na mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Siagi, unga na dawa ya meno visipakwe.

Tumefika kwenye pingamizi za wazee, nazo ni tatu.

Pingamizi la kwanza ni wizi. Mzee mmoja alituuliza katika Kamati: "Mkifungua mahali pa kununua chuma, mnadhani chuma kitatoka wapi?" Ni swali la haki. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa chuma chakavu awe na leseni. Mwezi wa Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara hiyo yote, mpaka iliporuhusiwa tena mwezi wa Mei kwa masharti mapya. Reli ya zamani inapita kwetu, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita kwetu pia, ikiwa na stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kipande cha reli kikionekana penye fuawe yetu, hata kama kilinunuliwa kwa haki, nani atasadiki? Jina la Chama litaharibika siku moja, na kulisafisha kutachukua miaka. Sisi tunaoshika madaftari twapendekeza hivi: Chama kisinunue chuma kwa mtu anayekuja na gunia. Kinunue kwa gereji inayojulikana, kwa risiti, au kifue chuma alichokileta mwenye nacho, kwa kazi yake mwenyewe. Kila kipande kiandikwe katika daftari: tarehe, aina, uzito, kilipotoka, na sahihi ya aliyekileta. Daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama yeyote na kwa polisi. Fundi atakayekataa kuandika, hata akiwa hodari namna gani, si fundi wetu.

Pingamizi la pili ni miti. Hili ndilo zito kuliko yote, na hatutaki kulipunguza. Kila mtu ameona malori ya makaa yalivyoivua nchi yetu nguo. Mwezi wa Januari 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti, na kanuni za nchi za mwaka 2009 ziliweka masharti juu ya uchomaji wa makaa wenyewe. Je, sisi tuje tuongeze midomo ya kuyala makaa? Jibu letu ni kwamba mhunzi hula makaa kidogo akijua kazi, na mengi asipoijua. Anayekusanya kazi kumi na kuwasha moto mara moja hutumia pungufu sana ya anayewasha moto mara kumi. Moto uwekewe ukingo, unyunyiziwe maji pembeni usienee, na makaa yaliyobaki yazimwe kwa kufunikwa ili yatumike kesho. Zaidi ya hayo, twapendekeza Chama kipande miti kabla ya kuwasha moto: migunga ya kupogolewa matawi kwa makaa, na mikau, mti wetu unaovumilia ukame, kwa mipini na kwa mbao. Makaa yapimwe kwa debe na kuandikwa, kama fedha zinavyoandikwa. Ikionekana mwisho wa mwaka kwamba kiwanda kimekula zaidi ya kilichopandwa, kifungwe. Tunalisema hili tukijua kwamba sisi wenyewe ndio tutakaoulizwa.

Pingamizi la tatu halikusemwa wazi, lakini lipo. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pamoja. Laana yake ilihofiwa, na si kila mtu aliyetaka kuoana na ukoo wake. Kwa upande mwingine, watoto wetu waliosoma huona kazi ya masizi ni aibu. Hivyo kazi hii imebanwa pande mbili: mzee anaiogopa, na kijana anaidharau. Sisi tumekaa mezani na kalamu miaka mingi, wala hatuidharau kalamu. Lakini mwaka 1966 Baraza la Wakristo wa Kenya lilikwisha kuonya kwamba watoto wengi wanamaliza shule ya msingi pasipo kazi wala mahali pa kwenda, na katika onyo hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Na mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji pale Nairobi, wakifua masanduku na majiko juani, nchi nzima ilianza kulitamka jina la jua kali kwa heshima. Wengi wa vijana wetu wamekwenda huko kuwa vibarua wa watu wengine. Tunauliza tu: kama chuma kinafulika Kamukunji, kwa nini kisifulike Mutomo, au Wote, au Mwingi?

Hatuahidi utajiri. Kiwanda hiki hakitampa kila kijana kazi, wala hakitaondoa njaa. Kitawapa wachache ufundi, na kitayarudisha majembe shambani wiki ile ya mvua. Likifanyika hilo peke yake, fedha ya Chama haitakuwa imepotea.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati twaleta maazimio manne, kila moja lipigiwe kura mbali mbali:

1. Kwamba pembe ya kiwanja cha Chama iliyo mbali na majengo itolewe kwa ajili ya banda la mhunzi, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

2. Kwamba wazee wanaoijua kazi hii waombwe kuja kufundisha, na walipwe posho ya haki, wala wasiambiwe wafanye kwa mapenzi tu.

3. Kwamba madaftari mawili, la chuma na la makaa, yafunguliwe kabla ya moto kuwashwa, na yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu ujao.

4. Kwamba kazi ya kupanda miti ifanywe kwa mwethya, mvua za Oktoba zijazo, na moto usiwashwe kabla ya miti kupandwa.

Anayepinga azimio lolote na asimame aseme. Kamati imetuagiza tuandike kila neno la upinzani katika kumbukumbu, sawa na tutakavyoandika kura.